SAA UNAYOITAFUTA: UTAIVAA MCHANA, AU UTAIFICHA?

Nawasalimu kutoka Bangale, ninyi mlio hapa pamoja nami, na ninyi mlio Madogo, Hola, Garissa na Nairobi mnaofuatilia neno hili kwa simu.

Leo najibu swali ambalo vijana wetu wananiletea inboksi, hasa wale walioanza kushika mshahara: "Pasta, je, ni dhambi Mkristo kutafuta saa ya kifahari?" Na si saa yoyote. Wanataka kronografu, zile Omega Speedmaster na Rolex Daytona ambazo mtu anazitazama kwenye simu mpaka usiku wa manane.

Jibu langu ni hili: saa si dhambi. Lakini saa ni shahidi. Itasimulia jinsi ulivyoipata, hata kama wewe umenyamaza.

Kwa wasioijua, kronografu ni saa ya mkono yenye kazi mbili. Inakuonyesha saa, na tena inapima muda kama ile saa ya mwalimu wa mbio. Unabonyeza kitufe cha juu, mshale unaanza kukimbia. Unabonyeza tena, unasimama. Unabonyeza cha chini, unarudi mwanzo. Zile za asili hazina betri. Ndani yake ni springi na magurudumu madogo mno yanayosukumana.

Ni kazi ya ajabu, na imewahi kusaidia kuokoa maisha. Aprili 1970, chombo cha Apollo 13 kiliharibika angani. Wanaanga walihitaji kuwasha injini kwa sekunde 14 tu ili wakae kwenye njia ya kurudi nyumbani. Sekunde hizo walizipima kwa Omega Speedmaster iliyokuwa mkononi.

Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba Mungu anachukia kitu kilichotengenezwa vizuri. Soma Kutoka 31. Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi ya ustadi, ya dhahabu, fedha na mawe. Ustadi ni kipawa. Amina?

Lakini tusidanganyane pia. Usiniambie unaitafuta ili usichelewe ibada! Saa ya springi, hata iwe ya bei gani, inaweza kukimbia au kuchelewa sekunde chache kila siku. Casio ya betri inaishinda, na simu yako inazishinda zote mbili. Unaitaka kwa sababu ni nzuri, na kwa sababu watu wataiona. Anza kwa kusema ukweli huo mbele za Mungu, kisha tuendelee.

Twende Yoshua 7. Akani aliona joho zuri, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu. Angalia hatua zake: ALIONA, AKATAMANI, AKATWAA, AKAFICHA. Joho lenyewe halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa njia ambayo lilifika hemani kwake. Na dalili ya kwamba njia ilikuwa mbaya ni hii: alilifukia chini. Mtu anafanya nini na joho zuri asiloweza kulivaa?

Ndugu yangu, dada yangu, kabla hujatuma pesa, jibu maswali matatu.

KWANZA: PESA ZIMETOKA WAPI? Speedmaster mpya leo inakaribia shilingi milioni moja. Sisi wa Bangale tunajua kuhesabu kwa mifugo. Ukimhesabu mbuzi mmoja kwa shilingi elfu nane, hilo ni kundi la mbuzi zaidi ya 100, umelifunga kwenye mkono mmoja. Kama umelichunga kwa jasho lako, umetoa sehemu ya Mungu, watoto wako shuleni, mama yako ana dawa, basi ni lako. Mimi si hakimu wako. Lakini kama ni mkopo, Mithali 22:7 inasema wazi mkopaji ni mtumwa wa nani. Na kama ni pesa za ofisi, za basari, au za maji ya wananchi, hiyo ni hema ya Akani. Tulipita misimu mitano mfululizo ya mvua haba kati ya 2020 na 2022. Tumeona mizoga. Hapa kwetu hakuna asiyejua thamani ya mbuzi mmoja.

PILI: NI YA KWELI? Wapo wanaovaa Rolex feki ili waonekane. Mithali 11:1 inazungumzia mizani ya udanganyifu. Saa feki ni udanganyifu wa namna hiyo, umeuvaa mkononi. Na wewe unayetafuta ya zamani iliyotumika, usiwe na haraka. Linganisha namba yake na karatasi zake. Mpelekee fundi wa saa afungue mgongo aone ndani. Omba risiti. Usimtumie pesa mtu usiyemjua kwa sababu ya picha tu. Na ukiambiwa bei ni robo ya bei ya soko, jiulize ni nani anayelia mahali fulani kwa kuibiwa.

TATU: UNAWEZA KUIELEZA MCHANA? Mbele ya mkeo au mumeo. Mbele ya mamako. Mbele ya majirani zetu Waorma na Wawardei, ambao wengi si wa imani yetu, lakini wanatusoma kila siku. Sisi hapa ni wachache. Wengi wao hawatafungua Biblia yako. Watasoma mkono wako.

Na hapa niseme na sisi watumishi. Mwaka 2012 Kanisa la Orthodoksi la Urusi lilikuwa na picha ya kiongozi wake, Patriaki Kirill, kwenye tovuti yake. Mtu alikuwa ameifuta saa ya Breguet mkononi mwake, saa iliyosemekana kuwa ya maelfu ya dola. Lakini meza ilikuwa inang'aa, na kivuli cha ile saa kilibaki mezani! Dunia nzima ikaona. Ofisi ya kanisa ikaomba radhi na kurudisha picha ya awali. Ndugu, unaweza kufuta saa, huwezi kufuta kivuli chake. Luka 12:2.

Kwa hiyo wapendwa, msimchangie mchungaji wenu saa ya namna hiyo. Nasema juu yangu pia. Mama anayeuza maziwa akitoa sadaka yake, haitoi ili ije ing'ae kwenye mkono wangu nikiinua maikrofoni. Sitaki kuhubiri huku nikishusha mkono wa shati.

Kuna saa moja nataka uikumbuke. Mwigizaji Paul Newman wa Marekani alipewa Daytona na mkewe, ikiwa na maneno mgongoni ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Mwaka 1984 kijana mmoja, rafiki wa binti yake, hakuwa na saa. Newman akamvulia ile yake akampa. Mwaka 2017 iliuzwa kwenye mnada New York kwa dola milioni 17.7. Lakini siku ile alipoitoa, ilikuwa tu saa ya mtu aliyeweza kufungua mkono. Hicho ndicho kipimo cha mwisho: je, unaweza kuitoa? Kama huwezi, basi si wewe uliyeivaa. Yenyewe imekuvaa wewe.

Zaburi 90:12 inatufundisha kuomba tujue kuhesabu siku zetu. Kronografu ina kitufe cha kurudisha mshale mwanzo. Maisha yako hayana kitufe hicho.

TUOMBE: Baba, utupe macho ya kupenda kilicho kizuri bila kukiabudu, na mikono isiyo na kitu cha kuficha. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA, na umtumie kijana mmoja aliye kwenye kutafuta. Mbarikiwe sana.