Soko linapofunguliwa siku ya shukrani: nani ana haki ya kupumzika Masisi na Walikale?

Makanisa yetu ya Masisi na Walikale yanaingia tena katika majira ya mavuno. Nyuma ya mavuno inakuja Noeli, kisha Bonane. Ni wakati wa kumshukuru Mungu. Ni wakati pia ambapo bei ya mbuzi, ya mafuta na ya vikwembe inapanda, na mahali pengi soko linajaa siku ileile ambayo kengele ya kanisa inalia.

Wachungaji na wazee wa kanisa wanauliza: tuwaambie nini waumini wanaouza na kununua siku ya Mungu na siku ya sikukuu? Wengine wanataka kanisa likemee kwa nguvu. Wengine wanajibu kwamba njaa haina sikukuu. Sisi tunaona kwamba kabla ya kukemea au kunyamaza, inafaa kutazama kwanza ni nani anayeuza, kwa nini anauza, na faida inaingia mfuko wa nani.

Swali hili si letu peke yetu

Ndugu zetu wengi waliopitia kambi za wakimbizi za Uganda, Burundi na Tanzania leo wanaishi Marekani. Wanajua kwamba huko kuna Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya mwezi wa 11. Rais Abraham Lincoln aliitangaza kwa taifa zima mwaka 1863, katikati ya vita vya wao kwa wao. Watu wenye vita waliitwa wakae mezani na kushukuru. Jambo hilo sisi wa Kivu tunaweza kulielewa.

Lakini mwaka 1939 Rais Franklin Roosevelt aliirudisha siku hiyo nyuma kwa juma moja, kwa sababu wenye maduka makubwa walitaka siku zaidi za kuuza kabla ya Noeli. Nchi ikagawanyika: majimbo mengine yakafuata tarehe mpya, mengine yakabaki na ya zamani, mpaka sheria ya mwaka 1941 ilipomaliza ubishi. Miaka sabini hivi baadaye, maduka makubwa yakaanza kufungua milango jioni ya sikukuu yenyewe. Wafanyakazi wakaacha chakula mezani ili waende kusimama nyuma ya kasa. Walikusanya sahihi za kupinga, lakini hawakusikilizwa haraka. Ugonjwa wa korona ndio uliofunga maduka mengi siku hiyo mwaka 2020, na mwaka 2021 kampuni ya Target ikatangaza kwamba haitafungua tena Siku ya Shukrani. Katika majimbo ya Massachusetts, Rhode Island na Maine, sheria ilikuwa tayari inakataza maduka mengi kufungua siku hiyo.

Mambo mawili yanaonekana hapa. La kwanza, biashara ikiachwa peke yake haina mpaka. Leo inaomba saa moja ya sikukuu, kesho inaomba siku yote. La pili, mtu mdogo hawezi kujilindia pumziko lake peke yake. Anahitaji sheria au jumuiya nyuma yake.

Sikukuu inaweza kunyang'anywa kwa njia mbili

Wazee wetu wanakumbuka njia ya kwanza. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu uliondoa tarehe 25 mwezi wa 12 katika hesabu ya siku za mapumziko ya Zaire. Serikali ilifikiri kwamba Noeli ikifutwa katika kalenda, itafutwa pia mioyoni. Haikuwa hivyo. Kanisa linajua kusimama mbele ya amri ya namna hiyo, kwa kuwa adui anaonekana.

Njia ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu haina amri. Hakuna anayekukataza kusherehekea. Unaambiwa tu kwamba sikukuu bila kikwembe kipya si sikukuu, kwamba mtoto asiye na viatu vipya ni aibu ya baba yake, kwamba nyumba isiyochinja imelaaniwa. Mzazi anakopa. Noeli inapita, deni linabaki, na mwezi wa kwanza mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa pesa za shule. Mobutu hakuweza kufuta Noeli, lakini deni linaweza kuifanya iwe siku ambayo baba anaiogopa.

Wauzaji si wa namna moja

Katika soko la siku ya Mungu tunaona watu wa namna tatu, na hatupaswi kuwahubiria neno moja.

Wa kwanza ni yule anayeuza ili ale. Ni mama wa Nyabiondo au wa Kilolirwe mwenye kabichi na vitunguu. Kabichi haisubiri. Ni mama wa Mubi mwenye sombe na ndizi. Ni familia zilizotoka katika kambi za pembeni ya Goma mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi zilipovunjwa, zikakuta mashamba yamekuwa kichaka. Mtu huyu akiuza kidogo Jumapili, watoto wanakula Jumapili. Bwana Yesu aliwatetea wanafunzi waliovunja masuke siku ya sabato kwa kuwa walikuwa na njaa, akasema kwamba sabato iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu (Marko 2). Anayemfukuza mama huyu sokoni bila kumpa chakula hajatunza sabato.

Wa pili ni yule asiyeweza kukataa. Kijana wa pikipiki anapaswa kumpelekea mwenye pikipiki pesa yake kila siku, hata siku ya Noeli. Mchimbaji wa Rubaya au wa machimbo ya Walikale ameshakula deni la chakula na la vifaa kwa PDG wa shimo, na deni halipumziki. Mbeba mizigo anapanda na gunia mgongoni, na bariera inamdai siku ya Mungu kama siku nyingine. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inatambua haki ya mfanyakazi kupumzika kila juma, lakini sheria hiyo haijafika shimoni. Hali yake inafanana na ya Waisraeli katika Kutoka 5: walipoomba ruhusa ya kwenda kumfanyia Mungu sikukuu, Farao alisema ni wavivu, akawaongezea kazi ya matofali. Mchimbaji hakuacha ibada kwa kupenda pesa. Kuna Farao aliyemshika.

Wa tatu ni yule anayengojea sikukuu ili abane watu. Ananunua maharagwe kwa mkulima wakati wa mavuno kwa bei ya chini, anafunga depo, na wakati wa Noeli anafungua na kuuza mara mbili. Nabii Amosi (sura ya 8) alimwona mtu huyu zamani: yuko ibadani kwa mwili, lakini anahesabu saa ili sabato iishe, arudi kupunguza kipimo na kuongeza bei. Tuangalie hapo: Amosi anamlaumu mtu ambaye soko lake limefungwa siku ya sabato! Mlango wa depo unaweza kufungwa Jumapili na moyo ukabaki sokoni.

Tuseme ukweli pia: si kila bei inayopanda ni dhambi ya muuzaji. Mizigo ya Walikale inafika kwa barabara mbovu au kwa ndege ndogo. Kila bariera inaongeza kitu juu ya gunia. Benki za Goma zilifunga milango mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 mji ulipochukuliwa na M23, na uwanja wa ndege ukafungwa. Pesa ya mkononi ikawa shida mpaka vijijini. Muuzaji mdogo anaweza kupandisha bei na bado asipate faida.

Fundisho la mwaka 2010

Kuna wanaosema dawa ni rahisi: itolewe amri, kila kitu kifungwe. Walikale ina jibu lake. Mwezi wa 9 mwaka 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Amri iliondolewa mwezi wa 3 mwaka 2011. Kwa hiyo Noeli ya 2010 ilikuta machimbo ya Bisie yamefungwa katika karatasi.

Je, watu walipumzika? Ndege zilizokuwa zikibeba mawe ya kasiterite ndizo zilizokuwa zikileta chumvi, sabuni na mchele. Mawe yaliposimama, ndege zilipungua, bidhaa zikawa ghali na pesa ikakosekana. Wakati huohuo, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba uchimbaji uliendelea chini ya ulinzi wa watu wenye silaha. Mdogo alifungiwa, mkubwa akaendelea. Pumziko lililoamriwa bila haki linakuwa njaa kwa maskini na nafasi kwa wenye nguvu.

Tofauti hiyo iko hata leo. Rubaya iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa 4 mwaka 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba ushuru wa koltani ya huko uliingizia kundi hilo dola 800.000 hivi kwa mwezi. Mashine kama hiyo haijui Pasaka wala mavuno. Walikale nayo, mji wa kati ulichukuliwa tarehe 19 mwezi wa 3 mwaka 2025, kisha waasi wakaondoka mwanzoni mwa mwezi wa 4, Pasaka ikiwa karibu. Mgodi wa viwanda wa Bisie ulisimama siku chache kabla ya mji kuchukuliwa, ukaanza tena kazi kabla ya Pasaka. Kurudi kwa mawe sokoni kulifuatwa na dunia nzima, kwa sababu bati la Bisie ni karibu asilimia 6 ya bati la dunia. Kurudi kwa wakristo makanisani mwao hakukupata habari. Tunalitaja hapa ili lijulikane kwamba nalo lilikuwa jambo kubwa.

Mnada ndani ya kanisa

Kama tunasema juu ya soko la nje, tuseme pia juu ya lile la ndani. Sadaka ya mavuno ni jambo jema na la kibiblia. Kuuza mazao kwa mnada baada ya ibada si dhambi. Kanisa haliwezi kulipa mabati kwa mikungu ya ndizi. Lakini kuna mahali ambapo mnada umekuwa ibada yenyewe. Mahubiri ni dakika 15, mnada ni saa 3. Majina yanasomwa pamoja na kiasi. Mwenye depo anapigiwa vigelegele, na mjane aliyeleta kikombe cha maharagwe anapita kimya. Kikundi kinaamua sare ya kikwembe, na asiyeweza kuinunua anabaki nyumbani siku ya shukrani.

Kumbukumbu la Torati 26 inaweka mpango mwingine. Mkulima analeta kikapu, anasimulia jinsi Mungu alivyowatoa watu wake katika utumwa, kisha anafurahi pamoja na Mlawi na mgeni aliye kati yao. Mgeni asiye na shamba naye anakaa mezani. Kwetu leo mgeni huyo ni mdeplase. Mavuno ambayo mdeplase hakuonja yamekosa sehemu yake moja.

Tunapendekeza nini

Nehemia, katika sura ya 13, alipokuta biashara siku ya sabato ndani ya Yerusalemu, aliwagombeza kwanza wakubwa wa mji, ndipo akafunga milango na kuwaonya wachuuzi. Tufuate utaratibu huo: tuanze juu.

Kwanza, wakristo wenye depo, pikipiki, magari na mashimo waanze wenyewe. Siku ya Mungu na siku ya Noeli mwenye pikipiki asidai pesa ya siku. PDG aliye mkristo asihesabu deni siku hiyo. Ni hasara ndogo kwake na uhuru mkubwa kwa kijana.

Pili, pale ambapo siku ya soko imeangukia Jumapili, wachungaji wa makanisa yote waende pamoja kwa mwami na kwa kamati ya soko kuomba siku ibadilishwe. Kanisa moja likienda peke yake linaonekana linatafuta faida yake. Wakati jibu linangojewa, ibada ya mapema asubuhi iwekwe kwa ajili ya akina mama wa soko, wasihesabiwe kuwa wamekufa kiroho.

Tatu, vikundi vya akiba vya akina mama viweke fungu la sikukuu kuanzia mwezi wa 2, ili mwezi wa 12 usimkute mtu na mikono mitupu mbele ya mkopeshaji.

Nne, sadaka ya mavuno ipokelewe bila kutaja kiasi, mnada uwe na saa ya mwisho, na sehemu inayojulikana iende kwa wadeplase na wajane siku ileile, kabla ya mabati. Wala sare isiwe sharti la kushukuru.

Tano, tuendelee kuwaambia wenye silaha wa kila upande, bila kuchagua, kwamba bariera inayomdai mbeba mizigo siku ya Mungu inadai kitu ambacho si mali yao.

Mambo haya hayatamaliza vita, wala hayatashusha bei ya mafuta Walikale. Lakini kama katika kijiji kimoja tu cha Masisi kijana wa pikipiki atakaa na wazazi wake siku ya Noeli bila kuogopa deni la jioni, hapo tutakuwa tumefanya sikukuu. Tunawaomba wasomaji walizungumzie neno hili katika vikundi vya maombi kabla ya mavuno, na kila kundi lijiulize: kwetu, ni nani asiyeweza kupumzika, na ni nani kati yetu anayeweza kumwachilia?

Bwana awape mavuno na amani ya kuyala.