Mradi Haunakiliwi kwa Jirani



Liko swali moja ambalo huulizwa katika nyumba nyingi za mijini wakati watoto wamekwisha kulala. Mshahara umemalizika kabla ya mwezi kufika mwisho, ama mkataba wa kazi unakaribia ukingoni, ama kijana wa nyumba amehitimu masomo na mwaka wa pili sasa unapita bila ajira. Mume na mke hutazamana, kisha mmoja wao husema: "Basi tufanye biashara gani?"

Leo safu hii yataka kulitazama swali hilo kwa makini, kwa sababu jibu lake hugharimu. Mara nyingi fedha zinazohusika ni kiinua mgongo, ama akiba ya miaka kumi, ama thamani ya kiwanja kilichouzwa. Fedha za namna hiyo huja mara moja. Zikipotea katika mradi usiofaa, haipotei biashara peke yake. Hupotea pia ada ya mtoto, kodi ya nyumba, na pengine hata masikilizano ya wana ndoa.

Swali la tangu zamani

Kujiajiri si jambo jipya katika miji yetu. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, liliundwa mwaka 1973. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na kwa ajili hiyo leseni za wachuuzi wadogo zikaja kuitwa leseni za nguvu kazi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980, mshahara ulipokuwa hautoshi chakula cha mwezi, wafanyakazi wengi walianza kufuga kuku nyuma ya nyumba, na kina mama wakapika maandazi na vitumbua. Katika nyumba zisizo chache, kikaango cha mama ndicho kilichowalisha watoto, na mshahara wa baba ukawa nyongeza tu. Miaka ya 1990 ilipofika, mashirika mengi ya umma yakabinafsishwa, na maelfu ya wafanyakazi walirudi nyumbani na kiinua mgongo mkononi.

Wapo waliozitumia fedha hizo vizuri, na hadi leo wajukuu wao wanakula matunda yake. Wapo pia ambao fedha ziliyeyuka katika muda wa miezi michache. Ukichunguza, waliofaulu hawakuwa na akili nyingi kuliko wenzao, wala mara nyingi hawakuwa na fedha nyingi zaidi. Tofauti ilianzia katika namna walivyouchagua mradi.

Hatari ya kuiga

Njia ambayo wengi huifuata ni kumtazama jirani. Jirani amefungua duka la vyakula, nasi twafungua la kwetu hatua ishirini kutoka mlangoni pake. Fulani amenunua pikipiki ya bodaboda, nasi twanunua. Mtaa uliokuwa na maduka mawili sasa una saba, lakini idadi ya kaya zinazonunua sukari haikuongezeka. Wateja wale wale hugawanywa kwa wauzaji saba, na kila muuzaji hujiuliza kwa nini hapati riziki.

Isitoshe, biashara ya mtu huonekana upande wa mbele tu. Wewe waona kuku mia moja wenye afya na trei za mayai zikipakiwa. Huoni kwamba kuku wa mayai hulishwa kwa muda wa miezi mitano hivi kabla ya kutaga yai la kwanza, na kwamba chakula hula zaidi ya nusu ya gharama zote za mfugaji. Huoni chanjo za mdondo ambazo zikikosekana banda zima laweza kufagiwa katika siku chache. Mtu mwenye fedha za vifaranga na banda tu, bila fedha za chakula cha miezi hiyo mitano, hana mradi wa kuku. Ana kuku ambao atalazimika kuwauza kwa hasara kabla hawajataga.

Maswali matatu

Badala ya kuuliza "biashara gani inalipa?", msomaji ajiulize maswali matatu, na ayaandike majibu yake kwenye karatasi.

La kwanza: mikono yangu inajua nini? Usiliruke swali hili kwa kudhani huna ujuzi. Aliyefanya kazi ya stoo kwa miaka minane anajua kupokea, kuhesabu na kutunza mali, jambo ambalo wenye maduka wengi hawalijui. Karani anajua kuandika barua na kujaza fomu. Mpishi wa kantini anajua kupika kwa ajili ya watu mia mbili bila chakula kupungua wala kumwagwa. Na kama ujuzi wako uliupata kwa kufanya kazi tu bila cheti, fahamu kwamba VETA, iliyoanzishwa mwaka 1994, huwapima mafundi wa namna hiyo na kuwapa vyeti wanaofaulu, mbali na kozi zake fupi kwa wanaotaka kujifunza upya.

La pili: watu walio karibu nami wanakosa nini, ama wanakifuata mbali, ama wanakisubiri kwa manung'uniko? Hapa ndipo mradi mzuri hujificha. Tembea mtaani kwako asubuhi, adhuhuri na jioni. Ni kitu gani watu hupanda basi kukifuata? Ni fundi gani ambaye kila mtu humlalamikia kwa kuchelewesha kazi? Wafanyakazi wa kiwanda kile hula nini saa sita mchana, na hutembea umbali gani kukipata? Wahenga walisema, mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Anayetembea na kutazama haondoki mikono mitupu.

La tatu: ni fedha kiasi gani ambazo hata zikipotea zote, nyumba yangu itabaki imesimama? Fedha hizo, na si zaidi, ndizo mtaji wako wa kuanzia. Fedha ya chakula, kodi na ada si mtaji, hata kama kwa sasa imelala tu.

Mradi unaokufaa ni ule unaopita katika maswali yote matatu. Ujuzi bila wateja ni burudani ya jioni. Wateja bila ujuzi ni aibu inayosubiri siku yake. Na vyote viwili bila mtaji unaoweza kuumudu vitakupeleka kwenye madeni.

Hesabu ya kikaango

Tuchukue mfano mdogo wa maandazi, ili tuone jinsi faida inavyoweza kumdanganya mtu. Bei tutakazozitaja ni za mfano; wewe utaweka za sokoni kwako.

Mama ananunua unga wa ngano kilo 2 kwa shilingi 4,000, sukari nusu kilo kwa 1,500, mafuta ya 3,000, mkaa wa 1,500, hamira na iliki za 500. Jumla ni shilingi 10,500. Anapata maandazi 70, na kila moja huuzwa shilingi 200. Yakiisha yote, mkononi ana shilingi 14,000. Atasema: "Nimepata faida ya 3,500."

Lakini mama huyo ameamka saa kumi alfajiri, na kazi imemchukua saa nne. Kama angefanya kazi hiyo kwa mtu mwingine angelipwa. Tuseme saa moja ni shilingi 500 tu. Ujira wake ni 2,000. Faida ya kweli ya mradi basi ni 1,500. Sasa watoto wa nyumbani wale maandazi matano kwa chai, jirani akopeshwe matatu asilipe, na mawili yabaki hadi yakauke. Maandazi 10 yamekwenda, nayo ni shilingi 2,000. Mradi sasa una upungufu wa shilingi 500, na hakuna mtu aliyeiba wala kufanya jambo baya.

Hii ndiyo sababu ya kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Nunua daftari la shule. Ukurasa wa kushoto andika kilichotoka, wa kulia kilichoingia, kila siku, hata siku ya huzuni. Watoto wakila maandazi, nyumba iyalipe kutoka katika fedha ya matumizi. Na fedha ya mradi isikae katika mfuko mmoja na fedha ya nyumbani. Siku hizi kila mtu ana simu, na si vigumu kutenga laini moja kwa ajili ya biashara peke yake.

Usiache kazi upesi

Kama bado unao mshahara, usiutupe. Tumia miezi mitatu hadi sita kuujaribu mradi kwa kiasi kidogo, saa za jioni na siku za mapumziko. Anayefikiria kushona sare za shule aanze na sare kumi za watoto wa mtaani kwake kabla hajanunua vyerehani vitatu. Atajifunza kwamba Desemba na Januari kazi humlemea, na kwamba baadaye husinyaa hadi watoto wachane magoti. Atajua basi kwamba sare peke yake hazitoshi, na kwamba sharti awe na kazi ya miezi mingine, kama vile mapazia, mashuka ama marekebisho ya nguo.

Jaribio pia hukufunulia jambo ambalo hakuna mwalimu awezaye kukufundisha, nalo ni kama unaivumilia kazi yenyewe. Yuko mtu anayependa kupika lakini hawezi kusimama mbele ya mteja mkali. Biashara haigombi, walisema wazee wetu. Ni afadhali ujitambue ungali una mshahara kuliko kujitambua baada ya kuuacha.

Mkopo na sheria

Siku hizi mikopo ni mingi kuliko miradi. Ile ambayo wananchi wenyewe wameibatiza jina la "kausha damu" imewaondolea watu vitanda, majokofu na amani ya nyumba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 huwataka wakopeshaji wawe na leseni; mkopaji ana haki ya kuiona, na ana wajibu wa kuusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Kanuni ni rahisi: usikope ili kuanza jambo ambalo hujalijaribu. Kopa ili kukuza jambo ambalo daftari lako limekwisha kuonyesha kwamba laweza kulipa marejesho.

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, na hutolewa hasa kwa vikundi. Ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndiye wa kumwona kwanza. Lakini chagua wanakikundi kwa tabia, si kwa urafiki, maana deni la mmoja huwa deni la wote.

Aidha, usiogope ofisi. Namba ya mlipa kodi hutolewa bila malipo. Leseni ya biashara ndogo hutolewa na halmashauri, na ukitaka jina la biashara, husajiliwa na BRELA. Anayetengeneza vyakula vya kufungasha ajue kwamba tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. SIDO ina ofisi mikoani, nayo hutoa mafunzo na ushauri. Kumwuliza mtaalamu wao swali moja kabla ya kununua mashine kwaweza kukuokolea gharama ya mashine nzima.

Mwisho, ndugu msomaji, mradi wa nyumba ni wa nyumba nzima. Mke asiyejua mtaji wa mumewe hawezi kuulinda, na mume asiyeheshimu kikaango cha mkewe huikalia riziki yake mwenyewe. Watoto nao waelezwe, kwa kadiri ya umri wao, kwa nini andazi la kuuzwa haliliwi bila kulipiwa.

Wiki hii basi, kabla ya kununua chochote, chukua karatasi na kalamu, uketi na wa nyumbani kwako, mkayajibu yale maswali matatu. Kama majibu hayakupatikana siku ya kwanza, tembeeni tena mtaani. Fedha zikikaa mwezi mmoja zaidi haziozi. Zikitumbukizwa pasipofaa hazirudi.