Mgonjwa wa figo anachoka? Tezi ya shingo nayo ipimwe

Nyumba yenye mgonjwa wa figo huzoea uchovu mapema. Mzee anasinzia mchana, anajifunika blanketi wengine wakilalamikia joto, ngozi imekauka, choo kigumu, uso umevimba asubuhi. Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Ni figo tu."

Mara nyingi ni kweli. Lakini dalili hizo hizo ni za tezi ya thairoidi iliyolegea pia, na tatizo hilo lina dawa. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, usilifunike kwa neno "figo tu" kabla halijapimwa.

Tezi hii iko mbele ya shingo, ina umbo la kipepeo. Wengi tunaikumbuka ikivimba na kuwa rovu, lakini inaweza kulegea bila uvimbe wowote. Homoni zake ndizo zinazopanga mwendo wa mwili: mapigo ya moyo, joto, tumbo, hata kumbukumbu. Kwa mtoto, zinahusika na kukua pia.

Figo na tezi zinahusianaje?

Kadiri figo zinavyodhoofika, ndivyo wagonjwa wanaopungukiwa homoni hii wanavyoongezeka. Figo hutoa madini joto ya ziada kwenye mkojo. Zikichoka, madini hayo hujikusanya na yanaweza kuipunguzia tezi kasi. Kwa mgonjwa anayevuja protini nyingi kwenye mkojo, watoto wakiwemo, protini zinazobeba homoni nazo hutoka.

Tezi nayo huigusa figo. Ikilegea, moyo husukuma damu kidogo, figo huchuja kidogo, na kipimo cha kreatinini hupanda. Ndiyo maana wapo ambao wakitibiwa tezi, majibu ya figo huwa nafuu kidogo. Hiyo haimaanishi figo zimepona.

Kipimo ni cha damu

Mwombe daktari wa kliniki ya figo afikirie kipimo cha TSH na homoni ya T4. Lakini homoni ya T3 ikishuka peke yake, usikimbilie duka la dawa. Kwa mgonjwa wa figo, au aliyetoka kuugua sana, T3 hushuka hata tezi ikiwa nzima. Daktari anaweza kusubiri na kurudia kipimo.

Vidonge visimezwe vyote pamoja

Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Mgonjwa wa figo ana vidonge vingi, na mlezi humpa vyote mkononi kwa chai ya maziwa. Dawa ya tezi, levothairoksini, humezwa kwa maji matupu, tumboni hakuna kitu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, kalsiamu, na vile vya kupunguza fosfeti huizuia isiingie mwilini. Vipishane nayo kwa saa 4.

Vidonge vya fosfeti humezwa pamoja na chakula, hivyo ratiba inaweza kubana. Andika dawa zote na saa zake kwenye karatasi, umpelekee daktari au mfamasia akupangie. Wengine hupangiwa dawa ya tezi usiku, muda mrefu baada ya chakula.

Nafuu haiji kesho. Kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Usiongeze dozi mwenyewe: ikizidi, moyo huenda mbio na mifupa hudhoofika, na wengi wa wagonjwa hawa moyo wao tayari una mzigo. Wala usimwongezee chumvi kwa kuwa ina madini joto. Chumvi hupandisha shinikizo la damu na kumjaza maji.

Siku ya kliniki ikifika, nenda na swali moja: "Daktari, uchovu huu ni wa figo peke yake, au tezi nayo tuipime?"