Je, Mchezo wa Mashujaa wa Maboksi Ufutwe?

Muhula huu yamesemwa maneno mengi juu ya michezo ya kompyuta. Wazazi wengine wataka michezo yote yenye kupigana ifutwe katika mashine za shule, na neno hilo litaletwa katika mkutano wao ujao. Mimi si mzazi, wala sina kura katika mkutano ule. Lakini mchezo mmoja kati ya hiyo nimeucheza tangu mwanzo hata mwisho, hapa Kasese wakati wa masomo na kule Bwera wakati wa likizo, nami naona si haki uhukumiwe pamoja na mingine kabla mtu hajaeleza ulivyo. Kwa hiyo nawaomba wasomaji wanivumilie kidogo.

Mchezo wenyewe huitwa Chroma Squad. Ulitengenezwa na Behold Studios katika mji wa Brasília, nchi ya Brazil, ukatolewa mwaka 2015. Hadithi yake ni ya kuchekesha. Kuna watu watano ambao kazi yao katika televisheni ni kuruka, kuanguka na kupigwa mateke kwa ajili ya vipindi vya mashujaa. Siku moja wanachoka na amri za mkubwa wao, wanaacha kazi, na wanafungua studio yao wenyewe. Huko wanatengeneza vipindi vyao vya kikosi cha watu watano waliovaa nguo za rangi mbalimbali, wenye kuokoa ulimwengu kila juma.

Yafaa nieleze ni kitu gani kinachofanyiwa mzaha hapa. Mwaka 1975 Wajapani walianza kuonyesha katika televisheni kikosi cha vijana watano, kila mmoja na rangi yake, wakipigana na majitu mabaya. Kikosi hicho cha kwanza kiliitwa Gorenger. Watoto wakakipenda mno, hata vikafuata vikosi vingine vingi, navyo baadaye vikapewa roboti kubwa ya kupigana na jitu linapokua kupita nyumba. Mwaka 1993 Wamarekani wakaanza Power Rangers, ambao kaka zetu wakubwa waliwajua. Basi wengi hawana habari kwamba sehemu kubwa ya mapigano ya Power Rangers wale wa kwanza hayakupigwa picha Marekani. Yalichukuliwa katika vipindi vya kikosi cha Kijapani cha mwaka 1992, kisha vijana wa Kimarekani wakapigwa picha wakizungumza bila zile kofia za vita. Uso ukiwa umefunikwa, nani angejua? Lakini mwenye macho atajua. Yule wa manjano kule Japani alikuwa mvulana. Marekani akafanywa msichana. Ndiyo sababu vazi lake halina sketi, na la mwenzake wa rangi ya waridi linayo. Siku nilipoelezwa jambo hili nilicheka peke yangu hata wenzangu wakadhani nina homa.

Hivyo basi ndivyo ulivyo uongo mzuri ambao Wabrazil wale waliupenda, wakautungia mchezo. Mchezaji ndiye mkuu wa studio. Huchagua waigizaji watano, huwalipa mshahara, hukipa kikosi jina na neno la kupiga ukelele wanapobadili mavazi. Sisi tulikiita kikosi chetu Walinzi wa Nyamwamba, kwa ajili ya ule mto ulioleta mafuriko makubwa Kilembe na Kasese mwaka 2013 na tena mwaka 2020, maana tuliona adui wa namna ile astahili kuwekewa walinzi. Ukelele wetu ni "Tumefika!" Mchezo huu ni wa mtu mmoja, lakini sisi tuligawana: watu watano, kipanya kimoja, kila mtu rangi yake.

Mwanzoni fedha ni haba. Mavazi na silaha hutengenezwa kwa maboksi, plastiki na utepe wa gundi. Baada ya kila kipindi unahesabu watazamaji, unasoma barua za wapenzi wa studio, unafikiri kama ununue taa au kamera, au umpe kazi mtu wa matangazo. Mwenzetu mmoja ambaye mama yake anauza samaki alituongoza vizuri sana katika sehemu hii, kuliko wale wenye kupata alama nyingi za hesabu.

Na kupigana kwenyewe hakutaki vidole vyepesi. Uwanja umegawanywa katika miraba, na kila upande husogea kwa zamu. Unakaa, unafikiri, unasogeza. Wazee wetu wa Uganda wana mchezo wa mweso, wenye mashimo 32 na kete 64, nao hukaa chini ya mti mchana kutwa wakila kete za wenzao. Sijasikia mzee yeyote akisema kwamba mweso umewafundisha vijana kunyang'anya ng'ombe.

Tena kuna jambo ambalo mweso hauna. Mtu wa kikosi aweza kumaliza zamu yake kwa kusimama tayari kumsaidia mwenzake. Akifanya hivyo, anayefuata aweza kurushwa naye akafika mbali kuliko miguu yake ingemfikisha, au wakapiga pamoja. Na wote watano wakimzunguka adui mkubwa, hupiga pigo moja la mwisho. Mwenzetu aliyecheza mwekundu alipenda kutangulia peke yake, kwani mwekundu ndiye kiongozi na kiongozi ati hangoji mtu. Alizungukwa na kuangushwa mara tatu katika kipindi kimoja. Mara ya nne msichana aliyekuwa wa manjano alikataa kumpa kipanya mpaka aeleze kwanza anakwenda wapi na nani atasimama nyuma yake. Waliteta kitambo kirefu, kisha tukashinda.

Zaidi ya hayo, kila kipindi kina maagizo ya mwongozaji. Kwa mfano, jitu limalizwe kwa lile pigo la watu wote. Ukiyatimiza, watazamaji huongezeka, na watazamaji ndio mshahara wa kesho. Kushinda tu hakutoshi. Yakupasa ushinde kwa namna ambayo watu watapenda kuitazama. Yaani kila wakati unakumbushwa kwamba hii ni kazi ya kuigiza na kamera iko pale.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Mzee mmoja wa Bwera alitukuta dukani kwa mjomba wangu tukicheza, akasema, "Wanangu, mwatafuta vita ndani ya kioo, na hali vilitufuata mlangoni?" Sikumjibu. Ni mkubwa kwangu, na neno lake lina uzito. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji wa ADF waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe karibu na mpaka wa Kongo. Walichoma moto bweni, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, wakateka wengine. Walikuwa watu wa umri wetu, na vitanda vyao vilikuwa kama vitanda vyetu. Mzazi wa Bwera akisema hataki kumwona mtoto wake akifurahia kupigana, sina haki ya kumcheka, wala sidhani kwamba yu mjinga au mtu wa kale.

Tena nitasema wazi: iko michezo ambayo mimi sitaitetea. Katika hiyo, mchezaji hutazama kwa jicho la mwenye bunduki, na anayepigwa huanguka kama mtu anavyoanguka. Imo katika simu za wengi wetu. Wazazi wakiifuta katika mashine za shule nitanyamaza, na pengine nitafurahi.

Lakini mchezo huu wa maboksi ni kitu kingine, na aliyenionyesha tofauti si mwalimu. Darasani kwetu yuko kijana wa upande wa Mpondwe. Katika likizo alikuja dukani kwa mjomba siku mbili, akasimama mlangoni akitazama tu, wala hatukumwita kwa nguvu. Siku ya tatu, wale askari wa adui waliofunika nyuso walipoingia uwanjani, akauliza, "Hawa nao wanalipwa?" Nikamwambia ndiyo, maana hadithi yenyewe ni ya studio, hata jitu ni mtu aliyevaa nguo, na kipindi kikiisha anaivua. Akauliza tena, "Na yule aliyeanguka?" Nikasema ndiyo kazi yake, kuanguka. Akakaa juu ya kreti la soda, akataka zamu. Sitasema kwamba mchezo ulimponya kitu, kwa kuwa sijui yaliyomo moyoni mwake wala sikumwuliza. Nasema tu kwamba alitaka kujua kwanza kama damu ni ya kweli, na mchezo huu ulikuwa na jibu la kumpa.

Yako mengine niliyoyaona Bwera. Duka la mjomba haliko mbali na njia ya soko, na siku za soko watoto wa Kasindi huvuka na mama zao. Hao walisoma Kifaransa kidogo, sisi twasoma Kiingereza, na maneno ya mchezo ni ya Kiingereza. Ikanibidi niyageuze yote kwa Kiswahili, kipindi baada ya kipindi, kama wale wafasiri wa vibanda vya video wanaosimulia filamu za kigeni huku zikiendelea. Ni kazi ngumu. Mzaha haupendi kuvuka mpaka; hukamatwa na forodha. Barua za wapenzi wa studio zilinishinda mara nyingi, nikatunga zangu, nao walicheka zaidi. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Jambo jema. Lakini nawaambia kweli, likizo ile nilijifunza Kiswahili kingi kuliko nilichojifunza katika muhula mzima wa kuandika ngeli za majina.

Na mtu asiseme kwamba mambo haya ya studio ya maboksi ni ya Brazil tu. Pale Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana ametengeneza sinema za mapigano kwa njia hiyo hiyo. Sinema yake iitwayo Who Killed Captain Alex? ilitoka mwaka 2010, ikatazamwa na watu wa nchi nyingi. Bunduki zake ni za mbao na vyuma chakavu, waigizaji wengi ni majirani, kompyuta yake aliiunganisha kwa vipande vya kompyuta nyingine. Juu ya picha kuna sauti ya msimulizi, VJ Emmie, akifanya mzaha na kuwashangilia wachezaji. Mtu akitazama sinema ile hawezi kusahau hata dakika moja kwamba watu hawa wanacheza. Kwa nini basi chama chetu cha michezo ya kuigiza kila mwaka kingoje fedha za mapazia? Nyuma ya jiko la shule yamo maboksi ya sabuni na mafuta ya kutosha kuvisha vikosi viwili na roboti moja.

Sipendi kuusifu mchezo kupita kiasi. Yale mapigano ya roboti kubwa, ambayo yangekuwa utamu wenyewe, ni mepesi mno: unabonyeza kwa wakati wake, unabonyeza tena, na baada ya mara tatu umekwisha kujua yote. Hapo hata wa kikosi chetu walikuwa wakitoka nje kunywa maji. Vilevile mchezo ni mrefu, na mtoto asiyeweza kusoma ataona mateke tu bila hadithi. Kwa wadogo wa shule za msingi mimi nisingeupendekeza, isipokuwa yuko mkubwa wa kuwasomea. Na ni kweli kwamba muda wa kompyuta ni mchache, tena wako wanaotaka kujifunza kupiga chapa. Mambo haya yaweza kupangwa kwa saa, hayahitaji kufutwa.

Ombi langu ni dogo. Kabla ya mkutano kupiga kura, wazazi wawili au watatu waje wautazame, hasa wale wanaoupinga zaidi. Wasije wakati tumekwisha kuambiwa tukae vizuri; waje Jumamosi saa nane mchana, baada ya chakula, tunapokuwa na kelele zetu. Mashine ni ile ya tatu kutoka dirishani. Hadithi ina njia zinazoachana, kwa hiyo tumeanza upya ili tuone ile ambayo hatukuifuata mara ya kwanza. Mwenzetu aliyekuwa wa kijani alimaliza masomo mwaka jana, na nafasi yake haijapata mtu. Mzazi yeyote aweza kukaa hapo. Tutamwonyesha namna ya kushika kipanya, na yule wa manjano atamwuliza anakwenda wapi.