Mashabiki wa Lopur, Tushuke Uwanjani

Ndugu zangu wa Lopur, Kakuma, Letea na Kalobeyei, pamoja nanyi wa Lodwar ambao siku hizi tunafikiana kwa lami: tunaijua soka ya watu kuliko tunavyoijua yetu. Muulize kijana yeyote wa boda pale steji ya Kakuma nani alifunga bao la pili la Chelsea wiki iliyopita, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize kipa wa timu ya vijana ya Lopur ni nani. Atakutazama kana kwamba umeuliza bei ya barafu jangwani.

Simlaumu. Mimi ni mtu wa Arsenal na nimezoea kuumia. Hapa nyumbani ni Gor Mahia, na siku ya Mashemeji Derby usinitafute kwa jambo lolote, hata deni. Kwa hiyo sijaja kumwambia mtu aache timu yake. Ninachoomba ni kwamba ule moyo tunaoupeleka London na Manchester kila Jumamosi, tuumegee Turkana hata robo tu. Vipaji viko hapa. Hilo dunia ilishaliona zamani, ila kila mara imetubidi tuwaage watoto wetu kwanza ndipo tuwashangilie.

Chukueni Paul Ereng. Mturkana, mzaliwa wa Kitale, kijana wa Starehe. Hadi mwanzoni mwa 1988 alikuwa mkimbiaji wa mita 400. Mwaka huohuo akahamia mita 800, akashinda ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani akiwa na jezi ya Chuo Kikuu cha Virginia, na Septemba akasimama kwenye fainali ya Olimpiki kule Seoul. Alijiweka nyuma ya wenzake, akasubiri, kisha kwenye mita za mwisho akampita Joaquim Cruz wa Brazil, bingwa wa 1984. Saïd Aouita wa Moroko akawa wa tatu. Dakika 1 na sekunde 43.45, dhahabu. Katika michezo hiyohiyo Peter Rono alishinda mita 1500, naye alikuwa mwanafunzi wa chuo kidogo cha Maryland kiitwacho Mount St. Mary's. Vijana wawili wa Kenya, dhahabu mbili, na wote wawili walikuwa wakisomeshwa Marekani kwa sababu wanajua kukimbia.

Halafu kuna huyu wetu wa kambini, Lopez Lomong. Alitekwa kanisani huko Sudan Kusini akiwa na miaka sita, akatoroka, akavuka mpaka, akaishi Kakuma karibu miaka kumi. Anasimulia kwamba kiwanja cha kambi kilikuwa hakiwatoshi wavulana wote waliotaka kucheza, ndipo wakubwa wakaweka sheria: anayetaka kugusa mpira aizunguke kwanza kambi nzima kwa mbio, karibu kilomita 30. Na mwaka 2000 alitembea kwa mguu na kulipa shilingi tano kutazama Olimpiki ya Sydney kwenye televisheni isiyo na rangi. Alimwona Michael Johnson akishinda mita 400, akajua anachotaka maishani. Mwaka uliofuata alipelekwa Marekani. Mwaka 2007 alikuwa bingwa wa vyuo vikuu katika mita 1500, akikimbilia Northern Arizona, na 2008 ndiye aliyebeba bendera ya Marekani kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing.

Naipenda hadithi hiyo, lakini ina jambo linaloniudhi. Mkimbiaji wa kiwango cha dunia alipatikana Kakuma kwa sababu kiwanja kilikuwa kidogo. Mbio zake zilikuwa foleni ya kusubiri mpira. Je, ni wangapi waliochoka kwenye ile foleni wakarudi nyumbani?

Awer Mabil naye alizaliwa hapahapa Kakuma mwaka 1995, akajifunza mpira pekupeku kwenye vumbi letu, akaondoka 2006 kwenda Adelaide. Juni 2022, Australia ilipopigiana penalti na Peru kuwania tiketi ya Kombe la Dunia, Mabil ni mmoja wa waliopiga, na alifunga. Australia ikaenda Qatar. Kwenye Olimpiki ya Rio ya 2016, timu ya kwanza ya wakimbizi ilikuwa na wanamichezo kumi. Watano walitoka Kakuma. Rose Nathike Lokonyen, aliyekimbia mchujo wa kambini bila viatu, alibeba bendera ya timu hiyo. Yiech Pur Biel, mwenzake wa mita 800, tangu 2022 ni mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Lakini hata hao watano ilibidi mwanariadha Tegla Loroupe awachukue na kuwapeleka Ngong ndipo wapate mahali pa kufanyia mazoezi.

Sasa tazameni ligi zetu. Timu 18 za Ligi Kuu ya Kenya, hakuna hata moja ya Turkana, kaunti ambayo sensa ya 2019 iliihesabia zaidi ya watu 900,000. Timu ya shule ikishinda hapa inasafiri hadi mashindano ya kanda, na huko inakutana na St. Anthony's ya Kitale. Wasichana wanawakuta Wiyeta. Shule hizo zina viwanja vya nyasi, makocha wa kudumu na mechi kila wiki. Wetu wanafika wakiwa wamelala kwenye basi, wengine ndiyo mara yao ya kwanza kukanyaga nyasi kwa njumu. Wakifungwa tunasema hawana bahati.

Wamarekani waliowasomesha akina Ereng na Lomong wana mengi ya kulaumiwa katika michezo ya vyuo. Kwa miaka mingi vyuo vikuu vyao vilivuna mamilioni ya dola kwa jasho la wanafunzi huku mchezaji akikatazwa kuuza hata saini yake. Ni juzi tu, mwaka 2021, ndipo waliporuhusiwa kufaidika na majina yao, na mwaka 2025 vyuo vikaanza kuwalipa moja kwa moja. Hata hivyo, jambo moja walilipatia mapema: mtoto anayekimbia vizuri apewe karo. Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Uganda, alipitia mlango huohuo. Alicheza kikapu Chuo Kikuu cha Duke, na mwaka 2025 akachaguliwa wa kumi kuingia NBA.

Sisi tuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana palepale Lodwar. Tuna basari za kaunti na za eneo bunge. Ombi langu kwa wasimamizi ni dogo: kila fomu ya basari iwe na mstari wa michezo, na mtoto aliyewakilisha kaunti apewe uzito wake pale majina yanapochujwa. Chuo nacho kitenge nafasi chache kila mwaka kwa mkimbiaji, mcheza voliboli, beki wa kike. Wazazi, tusingoje wasimamizi waamke wenyewe. Fomu zikija kwenye baraza la chifu, tuulize hilo swali kwa sauti, na tuliulize tena mwaka ujao.

Lakini basari ni mbali. Tuanze na kibanda cha kutazamia mpira.

Mnakijua. Mabati, benchi za mbao, sola juu ya paa, televisheni imefungwa kwa waya ili isiibwe, na mlangoni kijana ameshika kopo la hela. Tuseme watu 60 wameingia kwa shilingi 30 kila mmoja. Hiyo ni 1,800 kwa mechi moja, na Jumamosi huwa na mechi tatu. Kiasi hicho kinanunua mpira mzuri, na siku hiyohiyo chenji inabaki. Sisemi mwenye kibanda atoe chote. Anauza, ana familia. Nasema tumwombe, sisi wateja wake, kila Jumamosi shilingi tano za kila kichwa ziende kwenye kopo la pili, lenye jina la timu ya mtaa. Shilingi tano zilezile za Lomong. Asiyetaka asilazimishwe, ila akae nyuma.

Na kuhusu mikeka ya kubeti nitasema neno moja, wala sitahubiri. Mkeka unachanika kila wiki na kila wiki tunajaza mwingine. Hela hiyo hakuna mtu hapa Lopur anayeiona tena. Mwenye kubeti shilingi mia, abeti themanini, ishirini iende kwenye kopo la timu.

Kisha kuna suala la miiba. Mpira wetu haufi kwa kuchakaa, unauawa na mathenge. Timu ikinunua mpira Jumatatu, kufikia Alhamisi uko kwa fundi wa baiskeli: anautumbukiza kwenye karai la maji, anatafuta povu, anatoa mwiba kwa koleo, anapiga kiraka. Kiraka cha tatu kikishakaa, mpira haubingiriki, unachechemea. Ndiyo maana watoto wadogo wamerudi kwenye mpira wa matambara uliosukwa kwa kamba za magunia ya msaada, hasa tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017. Ule hautoboki. Viwanja vyetu karibu vyote vimezungukwa na mathenge, na mathenge yanasogea. Yasipong'olewa, kona ya kiwanja humezwa msimu mmoja tu. Hili halihitaji serikali. Linahitaji panga na asubuhi moja.

Linalohitaji serikali ni uwanja wenyewe: kusawazishwa, magoli ya chuma, maji, choo cha wasichana. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya michezo na viwanja vyake. Si hisani. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya tarehe hizo kuna mikutano ya kuchukua maoni ya wananchi. Mnajua hali yake: wanaohudhuria ni walewale, posho ya soda, na vijana wako kibandani. Nawaomba safari hii tuende kama mashabiki wanavyokwenda mpirani, kwa makundi, na jezi zetu. Gooners, Mashetani Wekundu, Kogalo, Ingwe, wote. Tuandike ombi moja kwenye karatasi, uwanja mmoja kwa wadi nzima, na karatasi hiyo ipokelewe na kupigwa muhuri mbele yetu. Kila mtaa ukiomba uwanja wake, tutapata viwanja saba kwenye karatasi na hakuna hata kimoja ardhini.

Na uwanja huo uwe wa wenyeji na wakimbizi. Tangu kambi ianzishwe 1992 tumeuziana kuni, makaa, maziwa na mbuzi, tumezika pamoja, na tumegombana pia, visimani na kwenye kuni. Timu zimekuwa zikikutana kirafiki, mara nyingi shirika fulani likileta fulana na kupiga picha, kisha kimya hadi mradi mwingine. Ligi ya kweli ina ratiba, ina adhabu kwa timu isiyotokea, na ina jedwali ambalo watu wanabishania kinyozini. Timu za Wasudan Kusini, Wakongo, Warundi, Wasomali na Waturkana tayari zipo. Zinachokosa ni kalenda moja. Idara ya Huduma za Wakimbizi tunaiomba iwape wachezaji vibali vya pamoja vya kusafiri timu inapokwenda kucheza Lodwar, badala ya kila mmoja kupanga foleni peke yake na kuchelewa mechi.

Kuna mzee atakayeuliza: mpira unaliwa? Mgao wa chakula kambini umepunguzwa, mifugo iliisha kwenye ukame wa 2020 hadi 2023, na wewe unatuletea habari za filimbi. Mzee, shikamoo. Hela ya unga siigusi. Naiomba ile iliyokwisha kutoka mfukoni, iliyo njiani kuelekea kwenye mkeka. Na wajukuu zako watacheza hata kama sisi wakubwa hatufanyi lolote. Tofauti ni kama kuna mtu atakayewaona.

Kina mama, nanyi nawaomba ruhusa ya saa mbili. Wasichana wetu hufika mazoezini wakati wavulana wameshachoka, kwa sababu walikuwa kuchota maji kwenye laga. Mtungi mmoja ukichotwa na kaka mara mbili kwa wiki, tunapata timu ya wasichana. Perina Lokure Nakang, aliyekimbia mita 800 kwenye Olimpiki ya Paris 2024 na timu ya wakimbizi, ni msichana wa Kakuma.

Napendekeza tuanze na kiwanja kimoja hapa Lopur, Jumamosi ya kwanza baada ya waraka huu kusomwa barazani, saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijapanda. Leteni panga, jembe, reki, na viatu vizima, si ndala. Mathenge yasikatwe tu juu juu, yachimbwe hadi chini ya shina, maana yakikatwa yanachipuka maradufu. Matawi yachomwe palepale, yasitupwe njiani wanakopita watoto pekupeku. Wenye boda walete maji. Saa kumi na moja jioni upepo ukipungua tucheze: timu mbili, kila moja nusu wenyeji nusu wakimbizi, na refa awe mwalimu ambaye hana mtoto uwanjani. Arsenal ikicheza saa hiyo, itatusamehe. Daftari la wafungaji nitalileta mimi.