Kompyuta Ikivunja Mkataba

Aliyecheza Civilization V, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola, anaijua kero hii. Umeishi na jirani yako kwa amani zamu mia na zaidi, mmeuziana bidhaa, mmempiga adui mmoja bega kwa bega. Ghafla anajitokeza kwenye skrini na kukulaani mbele ya dunia nzima. Hazipiti zamu nyingi, majeshi yake yako mpakani. Mchezo ulipotoka mwaka 2010 malalamiko yalikuwa mengi: viongozi wanaoendeshwa na kompyuta ni vigeugeu, tena hawasemi wamekasirishwa na nini.

Dawa inayopigiwa debe siku hizi ni kuipa kompyuta akili zaidi na ulimi mzuri zaidi. Wenye rai hiyo wana ushahidi. Novemba 2022 kampuni ya Meta ilitangaza Cicero, programu ya akili mnemba inayocheza Diplomacy, mchezo wa ubao wa Allan Calhamer uliochapishwa mwaka 1959. Humo dola saba za Ulaya zinagombea bara. Hakuna dadu, kila kitu ni maneno, ahadi na usaliti. Cicero iliandikiana ujumbe na watu 82 katika michezo 40, na ikaingia katika asilimia 10 ya juu ya waliocheza zaidi ya mchezo mmoja. Basi kompyuta inaweza kubembeleza. Lakini Diplomacy ni mchezo ambao kila anayekaa mezani anajua atachomwa kisu mgongoni, na amekuja kwa hilo. Mchezaji wa Civilization anataka kujenga dunia yenye majirani. Mpe jirani wa aina ya Cicero na atasalitiwa vilevile, safari hii kwa lugha tamu.

Soren Johnson aliliona hili mapema. Ndiye msanifu mkuu wa Civilization IV ya mwaka 2005 (ndiyo hiyo yenye wimbo wa Kiswahili, Baba Yetu, uliompatia Christopher Tin tuzo ya Grammy mwaka 2011). Katika mhadhara wake kwa watengenezaji wa michezo mwaka 2008 alieleza kwamba kompyuta ya mchezo kama huu imewekwa ili ishindwe kwa namna inayompendeza mchezaji. Katika mchezo wake, ukipeleka kishale juu ya jina la kiongozi unasomewa hesabu yako yote: mna dini moja, unaongezewa, mipaka yenu inasuguana, unapunguziwa, umefanya biashara na adui yake mkubwa, unapunguziwa tena. Wapo wanaoudharau utaratibu huo wakisema urafiki umegeuzwa hesabu za dukani. Ni kweli kwa kiasi fulani. Hata hivyo, anayeshambuliwa katika mchezo huo walau anajua amekosea wapi, na akitaka anaweza kurekebisha.

Tukiwa tunahesabu makosa, ya kwetu tusiyaruke. Katika Civilization V ya mwanzo mchezaji mjanja alikuwa akimuuzia jirani hariri iliyomzidi, anapokea kitita cha dhahabu mkononi, kisha anamtangazia vita hapohapo. Mkataba unakufa, hariri inabaki kwake, na dhahabu ndiyo inayolipa askari wanaokwenda kumvamia aliyeitoa. Wachezaji walifundishana mbinu hiyo kwa fahari. Nyongeza ya mwaka 2013, Brave New World, iliizuia kwa kudai kwamba kitita kitolewe tu kati ya waliotangaza urafiki rasmi. Kwa hiyo swali la nani msaliti lina majibu mawili, na mchezo unaomkaba mmoja tu haujaboresha diplomasia.

Nionavyo mimi, mchezo mwingine wa kompyuta, Europa Universalis IV, ndio uliokaribia zaidi kuwakaba wote wawili. Unaanza mwaka 1444, na Kilwa ni mojawapo ya dola unazoweza kuchagua. Ukiimeza Malindi, kisha Mombasa kabla watu hawajapumua, kila jirani anaandika hasira yake, na wa karibu na wa dini ya uliowameza wanaandika nyingi kuliko wa mbali. Hasira ikifika 50 kwa mtu asiyekupenda, anaweza kujiunga na wenzake dhidi yako. Ukitulia, inapungua mwaka hadi mwaka. Ukimwahidi mshirika ardhi ili aingie vitani, kisha ukamnyima, imani yake kwako inaporomoka na safari nyingine utapigana peke yako. Hakuna anayezungumza vizuri humo. Viongozi ni bendera na namba, lakini wanakumbuka, na wewe unaona wanachokumbuka.

Civilization VII ya mwaka 2025 imepita njia nyingine. Meza ya kupatana bei imeondolewa, na mambo mengi baina ya mataifa yanalipiwa kwa ushawishi, sarafu inayokusanywa zamu kwa zamu. Ule wizi wa hariri hauwezekani tena, ila na biashara yenyewe imekwenda nao. Ni kufunga duka kwa kuogopa wezi. Mimi ningeirudisha meza. Aliyeibiwa hariri akatae kutoa kitita tena, alipe kidogokidogo kila zamu, na majirani zake wawili watatu waliopata habari wafanye vivyo hivyo, huku sababu ikiandikwa wazi kwenye skrini: ulimuuzia, ukamvamia.