Jedwali la Matawi: Nani Ataupanda Mti wa Kiswahili Tarakilishini?

Wahenga walinena kuwa mti hauendi ila kwa nyenzo. Methali hii inawaafiki wanafunzi wa Kiswahili wa zama hizi kwa namna ambayo wahenga wenyewe hawakuitarajia. Mti wanao. Ni ule mchoro wa matawi ambao kila aliyesoma sarufi katika shule ya upili nchini Kenya anaufahamu: sentensi juu, kundi nomino na kundi tenzi chini yake, kisha nomino, kitenzi na kielezi. Nyenzo nazo zipo, ila wengi wao wameziachia idara ya sayansi ya tarakilishi, wakidai kuwa hayo si ya watu wa lugha. Makala haya yanashikilia kuwa dai hilo ni kosa, na kwamba gharama yake italipwa na Kiswahili chenyewe.

Shuleni, sentensi huchanganuliwa kwa njia ya matawi au kwa jedwali. Matawi huonyesha nani yuko chini ya nani, ilhali jedwali hupanga taarifa katika safu ili jicho lizisome bila taabu. Waundaji wa programu za wavuti wameziunganisha njia hizo mbili. Jedwali lao lina safu wima kama jedwali lolote, lakini kila safu mlalo yaweza kuwa na watoto waliofichwa chini yake. Mtumiaji akibonyeza mshale mdogo ulio kando ya mzazi, watoto hujitokeza, wakiwa wamesogezwa ndani kidogo ili kizazi chao kidhihirike. Kwa wanaotumia lugha ya Java, maktaba kama PrimeFaces huleta jedwali la aina hiyo likiwa tayari kujazwa. Java yenyewe ina uhusiano na mti: kabla ya kutolewa kwa umma mwaka wa 1995, iliitwa Oak, yaani mwaloni, kutokana na mti uliosimama nje ya ofisi ya mbunifu wake, James Gosling.

Ujenzi wa jedwali hilo si uganga. Chukua kitenzi pika na jamaa zake. Kila neno huhifadhiwa likiwa na nambari yake, aina yake, na nambari ya mzazi wake. Mzizi pekee ndio usio na mzazi. Programu huyapitia maneno yote mara mbili. Mara ya kwanza huliundia kila neno kifundo chake na kukiweka mahali panapotambulika kwa nambari. Mara ya pili humkabidhi kila mtoto kwa mzazi wake. Safari hizo ni mbili kwa sababu mtoto aweza kutajwa kabla ya mzazi wake kutajwa. Mti haukatwi mkono kwa mkono katika ukurasa wa wavuti, bali hujengwa na programu, kwani anayeuandika ukurasa hajui mapema ukoo utafika kizazi cha ngapi. Pikia ni mtoto wa pika. Pikiana ni mtoto wa pikia, hivyo ni mjukuu wa pika. Kitenzi kingine huenda kikaishia kwa watoto tu.

Makosa nayo ni yale yale yanayotokea katika nasaba yoyote. Neno lililopewa nambari ya mzazi asiyekuwapo hubaki yatima, na lisiposhughulikiwa halionekani kabisa kwenye jedwali. Neno likiandikwa kimakosa kuwa mzazi wa babu yake, programu huzunguka bila kikomo hadi ikakwama. Makosa haya mwanasayansi wa tarakilishi anaweza kuyakinga peke yake.

Liko kosa jingine ambalo hawezi kulikinga. Nani atakayemwambia kuwa mzazi wa mpishi ni pika? Akilinganisha herufi tu, programu yake itaikaribisha pikipiki katika ukoo wa pika na kumfukuza mpishi mlangoni, kwa kuwa k imegeuka sh. Vivyo hivyo, mwizi atatenganishwa na iba, mlinzi na linda, mfuasi na fuata. Akiambiwa kuwa sh huweza kutokana na k, ataiingiza pishi, kile kipimo cha nafaka cha vibaba vinne, ambacho hakina udugu na jiko. Maarifa ya kuupanga ukoo huu hayamo katika Java. Yamo katika mihadhara ya fonolojia na mofolojia, ambayo wanafunzi wa Kiswahili huihudhuria, wakafanya mtihani, kisha wakayasahau.

Wapo watakaosema kuwa kamusi zilizopangwa kialfabeti zinatosha. Kwa hakika zimetumika vyema na hazistahili kubezwa. Hata hivyo, mpangilio wa alfabeti unampeleka mpishi kwenye M, upishi kwenye U, na pika kwenye P, kana kwamba hawajawahi kuonana. Kitabu kililazimika kuchagua mpangilio mmoja, tarakilishi hailazimiki. Wapo pia watakaolalamika kuwa istilahi hazipo. Mzizi, shina, tawi, jani, kifundo, mzazi, mtoto na yatima ni maneno ya Kiswahili, na mengi yao yametumika humu bila kumtatiza yeyote.

Linalohitajika ni idara mbili kukaa meza moja. Mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa mwisho na mwenzake wa tarakilishi waweza kuanza na vitenzi hamsini tu: mmoja aamue nani mzazi wa nani na atoe sababu, mwingine aujenge mti. Kazi hiyo ihesabiwe kuwa tasnifu kwa wote wawili. Wasipofanya hivyo, mti utapandwa hata hivyo, kwani programu hazisubiri wanaisimu. Utapandwa na asiyejua tofauti ya mpishi na pikipiki, na kizazi kijacho kitausoma kikidhani kuwa hiyo ndiyo sarufi.